Uzinduzi wa Mashine Inayouliza Damu

(Kisangani, commune ya Makiso, ukumbi mmoja wa sherehe, asubuhi. Jukwaani, karibu na kipaza sauti, kuna kitu kimefunikwa kitambaa cheupe; kimo chake ni cha mtoto anayeanza shule. Wanawake wote ukumbini wamevaa pagne, yaani kitenge, ya aina moja, ya buluu, yenye picha ya ubongo, tone la damu, uso wa Mratibu akitabasamu, na tarehe ya leo. Mratibu anapanda. Fanfare, bendi ya tarumbeta ya kambi ya jeshi ya Kapalata, inapiga. Inaendelea kupiga. Mratibu anaisubiri.)

Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Waziri, uliyetoka Kinshasa kwa ndege ukashuka Bangboka na viatu vyako vikiwa bado vinang'aa. Waheshimiwa wabunge wa jimbo mliokuja, nanyi mliotuma madereva. Bwana Mkuu wa territoire ya Isangi, ambaye baleinière yake, ile mashua ya mbao, imekwama kwenye mchanga wa mto, na ambaye kiti chake hiki kitupu kinatuangalia kwa heshima zote. Baba Askofu, aliyemtuma Padri, aliyemtuma katekista. Sheikh wetu, aliyekuja mwenyewe, jambo lililotuvurugia mpango wa viti. Maafisa wa Kapalata pamoja na tarumbeta zao. Wanasayansi, walimu, wafanyabiashara wa soko kuu, mama zetu wa mboga ya pondu, mama zetu wa samaki wa chumvi, makayabu, na ninyi vijana wa taxi-moto mlioko hapo nje, ambao nawaomba mzime injini kwa sababu hii ni shughuli ya Serikali. Kila mtu kwa cheo chake na kila cheo kwa mtu wake: itifaki yote imezingatiwa. (Makofi.) Na kama kuna mtu nimemsahau, ajue kwamba nilikuwa nimemwandika, ila Priscille, katibu wangu, hakumpiga chapa. (Priscille anainamisha kichwa. Amezoea.)

Anayesema mbele yenu ni mimi, Hilaire, Mratibu wa Jimbo, wa muda, wa Programu ya Jimbo ya Alama za Damu kwa Utabiri wa Kupona kwa Majeruhi Wazito wa Kichwa, kwa kifupi PRODAKI. Nasema wa muda kwa sababu mimi ni mtu mnyenyekevu. Muda wenyewe una miaka sita sasa, na katika miaka hiyo sita nimewaona mawaziri wakija na mawaziri wakienda, na mimi nimebaki pale pale nikiwa wa muda, kama jiwe lililoko katikati ya maporomoko ya Wagenia. Sasa, kabla hatujaingia kwenye kiini, tupashe moto ukumbi. Nikisema PRODAKI, ninyi mnajibu: Damu inasema! PRODAKI! (Damu inasema!) Sikusikia. PRODAKI! (Damu inasema! Mtoto mchanga anaanza kulia.) Hata watoto wameelewa.

Mabibi na mabwana, PRODAKI ni nini? Swali hili niliulizwa na mke wangu, nikaulizwa na Sheikh hapa, na mwaka jana niliulizwa na kikao kizima cha wakaguzi, na jibu langu ni lile lile, halibadiliki, kwa sababu ukweli haubadiliki. Mtu anaanguka na pikipiki. Anagonga kichwa. Analala hospitalini, hasemi, hafungui macho. Mke wake anakaa pembeni ya kitanda na ana swali moja tu: huyu atarudi, au harudi? Docteur anamulika macho na tochi, anambana mgonjwa kidole aone kama atashtuka, kisha anasema, mama, tungoje. Basi wanangoja. Kungoja huko, Mheshimiwa Mwakilishi, ndiko PRODAKI imekuja kupigana nako kwa nguvu zake zote!

(Makofi. Mstari wa pili, muuguzi Nicole, wa salle, wodi ya majeruhi wa kichwa, ananyoosha mkono juu na kugonga saa yake kwa kidole.)

Asante, Nicole, tumeiona, ni saa nzuri. Naendelea. Wataalamu wa dunia, ambao mimi nimewasoma, wamegundua kwamba ubongo ukiumia, chembe zake zinavuja, na vipande vya protini vinatoka kichwani vinaingia kwenye damu. Protini moja inaitwa GFAP. Nyingine inaitwa UCH-L1. Nyingine inaitwa neurofilament, na jina hilo nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima, ndiyo maana mmelisikia likitoka bila kujikwaa. Ukichukua damu ya mgonjwa mapema, ukazipima protini hizo kwa mashine, unaweza kukisia, nasema kukisia kisayansi, kama mtu atarudi kazini, au atarudi nyumbani tu, au hatarudi.

Mama wa pondu kule nyuma ananiangalia kana kwamba nasema Kilatini. Mama, ngoja nikuelezee. Pirogue ikivunjika juu kule kwenye maporomoko, sisi tunaokaa chini hatukuona ajali. Tunajua kwa vipande vya mbao vinavyopita. Vikipita vipande vichache, tunasema, hao watakuja wenyewe kwa miguu, wamelowa tu. Vikipita vingi, tunaanza kuwaita ndugu. Basi damu ni mto, ubongo ni pirogue, na PRODAKI ni yule mtu aliyekaa ukingoni akihesabu mbao! (Makofi makubwa, na haya ni ya kweli. Sheikh anatikisa kichwa kukubali. Mratibu anafuta jasho kwa kitambaa chenye uso wake.)

(Mstari wa mbele, mwanamke mmoja mwenye ushungi anasimama. Ni Kadidja, mke wa mgonjwa wa kwanza wa PRODAKI. Amewekwa kwenye kiti cha wageni wa heshima.)

«Papa Coordonnateur, na ya bwana yangu? Mbao ngapi zilipita?»

(Mratibu anapekua karatasi zake.)

Swali zuri sana, mama Kadidja, na liko kwenye hotuba yangu, ukurasa wa mbele zaidi. Keti, mama. Kila kitu kina ukurasa wake. (Kadidja anaketi kwenye ukingo wa kiti.)

Bon. Takwimu. Serikali bila takwimu ni kama fufu bila mchuzi, inakwama kooni. Tangu PRODAKI ianze kutajwa, idadi ya wagonjwa waliopewa jibu baya la damu katika jimbo letu la Tshopo imebaki sifuri. Sifuri, waheshimiwa! Kuna nchi zenye maabara ya vioo na mashine za kila namna, ambako kila siku ya Mungu watu wanapewa majibu mabaya. Hapa kwetu, hakuna hata mmoja. (Makofi.) Kiwango cha kuridhika kwa wagonjwa kimefika asilimia mia moja na nne, zile nne ni ndugu zao. Na kabla ya mwisho wa mwaka huu, au wa mwaka mwingine wowote utakaotangazwa na mamlaka husika, kila mtaa kuanzia Lubunga ng'ambo ya mto mpaka Kabondo utakuwa na antenne yake, yaani tawi letu, kila antenne na mkuu wake, na kila mkuu na pikipiki yake. Na kwa kuwa wenye pikipiki ndio wanaoanguka, hatutakosa wagonjwa kamwe. Wafadhili wanaita jambo hilo uendelevu. (Mwakilishi wa Mwakilishi anaandika kitu. Kisha anafunga macho.)

(Nicole anasimama.)

«Papa Coordonnateur, ulisema dakika kumi na tano tu. Ile bombe, mutungi ya oxygène tulimuachia mugonjwa, iko kidogo sana. Tunaomba ufunge.»

Muuguzi Nicole anazungumzia mambo ya ndani ya service. Mambo ya ndani tunayajadili ndani, kwenye kikao, kwa kufuata ngazi. Keti, dada, hata mimi nina koo na sijanywa maji. (Nicole haketi. Anabaki amesimama, mkono kifuani.)

Nafika sasa kwenye moyo wa mradi, yaani pagne. (Vigelegele vya akina mama.) Kuna watu wa nia mbaya mjini humu, na kwa majina nawajua, wanaosema: Hilaire ameanza na pagne kabla ya maabara. Ndiyo! Nimeanza na pagne, na ningeanza nayo tena. Kuna nchi ambako mradi unaanza na jengo, halafu mashine, halafu mafundi, na matokeo yake siku ya uzinduzi watu wanakuja wamevaa hovyo, huyu kijani, yule njano, hujui nani yuko kwenye mradi na nani amepita njia. Sisi tumewatazama wenzetu walivyokosea, tukajifunza. Tukachagua rangi. Tukachagua ubongo, na nakiri kwamba ubongo wa kwanza tuliochorewa ulifanana na koliflawa, tukaurudisha. Tukachagua picha yangu, baada ya mashauriano mapana niliyoyaendesha mimi. Na tukaandika tarehe.

Hapo ndipo mtu wa nia mbaya anauliza: lakini Mratibu, ilipoonekana kwamba baadhi ya vifaa vimechelewa kidogo huko vinakotoka, kwa nini hukuahirisha? Namwambia: rafiki yangu, soma nguo ya mke wako. Tarehe iko kwenye pagne. Barua inaandikwa upya, amri inafutwa kwa amri, hata katiba inarekebishwa. Lakini kilichochapwa kwenye super-wax hakitoki hata ukichemsha kwa soda ya sabuni. Je, tungewavisha mama zetu uongo? (Hapana! wanajibu akina mama.) Hapana! Kwa hiyo tumezindua. Tumetii nguo.

Na pagne hizi, Mheshimiwa, zina historia. Zilishuka Bangboka kwa ndege ya mizigo, na akakodiwa kijana mmoja wa taxi-moto, Feruzi, mume wa mama Kadidja huyu, mtu wa familia ya zamani ya mji huu, mtu wa swala zake tano, ili alete bunda mjini haraka kwa sababu mafundi walikuwa wanangoja kushona. Bunda lilikuwa refu kuliko yeye. Nilimwambia kwa mdomo wangu huu, Feruzi, funga kamba vizuri, maji yasiingie. Akafunga vizuri sana. Kofia ya chuma alikuwa nayo. Aliifunga juu ya bunda, ili lisichanike. Kwenye ile kona ya barabara ya Bangboka, lori likaacha upande wake wa barabara. Feruzi akaanguka kwa kichwa. Nami nasema leo mbele ya Mungu na mbele ya Kinshasa: hata pagne moja haikuchafuka. (Makofi machache. Yanakatika. Wanawake kadhaa wanaangalia nguo walizovaa.)

Donc, mnaona jinsi Mungu anavyopanga. Programu ya majeruhi wa kichwa ilikuwa haijapata majeruhi, na hapo hapo ikampata, tena wa kwake yenyewe, aliyeumia ndani ya kazi za programu. Wafadhili wangapi duniani wanaweza kujivunia muunganiko wa namna hiyo? Damu yake ilichukuliwa siku ile ile, mapema, kama sayansi inavyotaka. Ikaletwa kwenye kichupa mpaka ofisini kwangu. Mwingine angeipokea tu, kama mtu anapokea kuku. Mimi nikauliza: iko na barua ya kuisindikiza? Haina. Basi irudi kwa njia ya ngazi. Ikarudi. Ikaja tena na barua, ikasajiliwa, ikapigwa mhuri, ikawekwa kwenye trei ya mezani iliyoandikwa «kwa saini», chini ya maombi mawili ya likizo. Kwa bahati mbaya mimi wakati huo nilikuwa Isangi kwa kazi ya uhamasishaji, nikiwahamasisha wahamasishaji. Niliporudi nilikuta damu imebadilika rangi kidogo. Lakini mhuri, waheshimiwa, unasomeka kabisa.

(Kadidja amesimama tena. Hakuna aliyemwona akisimama.)

«Papa, mi sikuelewa mambo ya muhuri. Mulinitumia mutu mpaka pa kitanda, akaniambia: mama, vaa pagne, kuya leo, damu itasema. Mi nimekuya. Bwana yangu analala tu vile, haamuki, mama yake ananiuliza kila asubui, na mi sina cha kumujibu. Nijibu nini?»

Utamjibu, mama, utamjibu! Kwa sababu ukurasa wako umefika! (Anawapa ishara watu wa fanfare. Ngoma inavuma.) Mabibi na mabwana, baada ya miaka sita ya mipango, semina, ufuatiliaji na tathmini ya ufuatiliaji, Kisangani inapokea leo, mbele ya macho yenu, mashine inayouliza damu! Mheshimiwa Mwakilishi, njoo uvute kitambaa. Mheshimiwa. Priscille, mguse begani. (Mwakilishi wa Mwakilishi anaamka, anavuta kitambaa. Inaonekana mashine nyeupe yenye magurudumu, mpira mwembamba umezungushwa ubavuni. Kamera inamulika. Makofi yanaanza.) Inawaka taa ya kijani, tazameni! Sikieni inavyohema! Inahema kama kiumbe! Ukiiwekea damu hapa juu, au ubavuni, fundi ataeleza—

«Ile si mashini ya damu.»

(Makofi yanakoma. Ni Kadidja. Anasogea jukwaani polepole.)

Mama, usipite kamba.

«Ile njo mashini ya pumzi. Iko ya salle yetu. Gurudumu yake ilivunjika, mi mwenyewe nilifunga na kitambaa nyekundu, nilipasua ku foulard yangu. Muangalie chini.» (Watu wote wanaangalia chini. Gurudumu moja limefungwa kitambaa chekundu.) «Mi nalala pembeni yake kila siku. Sauti ya bwana yangu nimeanza kuisahau, lakini ya ile mashini naijua. Nilikuya hapa kusikia kama atarudi, na kumbe mi nikitoka tu, nyuma yangu mulikamata pumzi yake mukaleta ku fête.»

(Nicole ameshatoka, anapita kati ya viti.)

«Walituambia dakika kumi na tano, mama, na barua iko na muhuri, tungefanya nini? Tulimuachia bombe ndogo. Inaisha. Labda imekwisha.»

Utulivu! Naomba utulivu! Mheshimiwa Mwakilishi, hii ni sehemu ya mchezo wa kuigiza, imepangwa. Mama Kadidja. Mama. (Anafunika kipaza sauti kwa kiganja, lakini kipaza sauti ni cha zamani na kila kitu kinasikika.) Sikia, mama, mi siko mutu mubaya. Mi pia niko na watoto. Batu ba Kinshasa wamefika, kamera iko, tarehe iko ku pagne, ningebaonyesha nini? Kitambaa juu ya hewa? Ngoja nimalize, ukurasa mbili tu, tutarudisha na gari ya ofisi, kwa heshima.

«Gari ya ofisi haina petroli,» anasema Priscille. Ni mara yake ya kwanza kusema leo.

(Mama Georgette, mwenye malewa, mgahawa wa kona, mwanamke mnene wa sauti nzito, anafungua pagne yake ya juu, anabaki na ya chini, anaitandika sakafuni jukwaani. «Bamama, mukuye. Mutu mmoja kila kona.» Wanawake wanapanda jukwaani bila kuangalia kamba. Mashine inachomolewa kwenye umeme, inanyamaza, inalazwa juu ya pagne, inanyanyuliwa. Uso wa Mratibu uliochapwa kwenye pagne unavutika kwa uzito, tabasamu linapanuka mpaka masikioni.)

Mabibi na mabwana, mnaona wenyewe ubora wa kitambaa! Niliwaambia, super-wax, haichaniki! Mheshimiwa, tafadhali iandikwe kwamba hii ndiyo hatua ya pili ya mradi, yaani kufikisha huduma kwa wananchi, na kwamba imefanyika kabla ya ratiba. (Wanawake wanashuka na mzigo. Nicole yuko mbele akifungua njia. Kadidja ameshika upande wa gurudumu, ushungi umeanguka mabegani, hajali.) Mama Kadidja, ushirikishwaji wa jamii ni mzuri, lakini kuna fomu! Vijana wa taxi-moto, nilisema mzime injini! (Injini zinaunguruma zote pamoja; ni wenzake Feruzi. Mkuu wa fanfare, akidhani ni wakati wake, anaanzisha mwendo wa kijeshi na kuwafuata nje pamoja na tarumbeta zote. Ukumbi unamiminika nyuma yao. Sheikh anaondoka akikimbia, pindo la kanzu mkononi.)

Fanfare! Rudini! Nyinyi mumelipiwa mpaka mwisho!

(Wamebaki Mwakilishi wa Mwakilishi, mpiga kamera, Priscille, katekista, na vijana wachache wa makoti meupe mstari wa mbele. Kitambaa cheupe kiko sakafuni. Mratibu anakitazama. Anageuza ukurasa.)

Ninaendelea. Hotuba ya Serikali haikatwi na mtu kuondoka. Ingekuwa hivyo, hakuna iliyowahi kufika mwisho. Kwa kifupi, changamoto zipo, lakini nia ya kisiasa ipo zaidi ya changamoto, na ninachukua nafasi hii, mbele ya hadhira hii kubwa, kusema kwamba... kwamba... Priscille, maji. (Anakunywa. Simu ya Priscille inalia. Anasikiliza muda mrefu, kidole kwenye sikio la pili. Kisha anamwambia Mratibu kitu. Mratibu anashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.)

Wamefika. Nicole amesema bombe ilikuwa imeisha. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Wameiwasha. Anapumua. Mungu asifiwe. Naogopa, Priscille. (Anajinyoosha tai.) Mheshimiwa Mwakilishi, naomba isajiliwe kwamba PRODAKI, katika siku yake ya kwanza ya kazi, imemtabiria mgonjwa kwamba atapumua, na amepumua. Usahihi, asilimia mia.

Sasa, shukrani, kwa sababu asiyeshukuru kidogo hata kikubwa hapewi. Namshukuru kwanza mshirika wetu wa ng'ambo, wa ule mji wa Ulaya ambao jina lake ni gumu, tuliyemwandikia atuletee mashine ya kupima protini, na ambaye mpaka leo hajatujibu. Kimya chake tumekichukua kuwa ndiyo. Nawashukuru mafundi wetu wa maabara waliokaa mstari wa mbele na makoti meupe, ambao ni vijana wa malewa ya mama Georgette, na ambao wanaweza kuondoka sasa, kuna wateja wanangoja liboke ya samaki. (Makoti meupe yanaondoka.) Nawashukuru wataalamu wa kimataifa walioandika utafiti ninaoutaja, ambao hawanijui. Namshukuru papa Rachidi kwa jengo hili la Maabara ya Jimbo, ambalo ni ukumbi wake wa harusi, na namhakikishia kwamba tutalitoa sasa hivi, kwa kuwa naona bibi harusi yuko mlangoni na masufuria yake. Nawashukuru wauguzi wa salle ya majeruhi wa kichwa waliotuazima mashine kwa moyo mkunjufu baada ya kuandikiwa mara tatu. Na kitambaa cheupe, Priscille, kikunje vizuri, ni cha meza ya hoteli.

Naishukuru PRODAKI yenyewe, ambayo, tukiacha pagne, ni wazo. Na wazo, mabwana na mabibi, haliungui, haliibiwi na halihitaji umeme.

PRODAKI! PRODAKI! (Priscille anatazama nje dirishani. «Damu inasema,» anasema katekista, kwa huruma.) Umoja, Sayansi, Pagne! Kisangani hoyee! (Bibi harusi: «Papa, mumemaliza?»)

Namaliza kwa mtu mmoja. Feruzi, popote ulipo, yaani kitandani. Tunakushukuru kwa kutuletea mzigo wetu ukiwa mzima. Ukiamka, na kama ukiamka, usijisumbue kwa wasiwasi: damu yako ipo salama mezani kwangu, ina nambari na mhuri, hakuna aliyeigusa. Mkeo alikuja kuiulizia mara nyingi, nikamwambia siwezi kumpa mtu mwingine kitu cha mtu. Kwa hiyo njoo mwenyewe, kwa miguu yako, siku ya kazi, na kitambulisho. Utatia saini, nasi tutakurudishia.